Mtoto Alisema Haoni

Kwa miezi mingi nilimwambia mwana wa dada yangu kwamba anashindwa kwa sababu hajui kucheza. Nilimwambia mbele ya wenzake, sebuleni kwangu Umoja Innercore, na nikamwambia tena alipokuja pembeni kunilalamikia. Hakuwa akishindwa kwa kutojua. Alikuwa haoni. Kabati la gemu nililolijenga ndilo lililokuwa likimficha picha, na mimi ndiye niliyeamua skrini ikae namna ile. Fundi alinionya, sikusikia. Mtoto alinieleza, sikumwamini. Nayakiri yote mawili hapa kwa sababu vijana wa mitaa yetu ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Donholm hadi Kayole, wameanza kujijengea makabati haya nyumbani, na uamuzi ulioniangusha mimi ndio wa kwanza watakaokutana nao.

Kwa asiyeyajua, kabati la gemu ni sanduku la mbao linalomfikia mtu mzima kichwani. Ndani mna kompyuta na skrini. Mbele kuna ubao wenye fimbo za kuelekezea na vitufe, na wachezaji wawili husimama hapo bega kwa bega. Mashine za aina hiyo zilijaza kumbi za michezo za Marekani na Japani miaka ya 1970 na 1980. Siku hizi huhitaji kumiliki ukumbi. Kompyuta kuukuu ya ofisi, skrini ya mtumba ya ex-UK kutoka Luthuli Avenue, vitufe vya kuagiza na bodi mbili za MDF vinatosha. Programu ya MAME, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na Mwitaliano Nicola Salmoria, huifanya kompyuta ya kawaida iigize mashine zile za kale, moja baada ya nyingine.

Swali linalokuja kabla ya msumeno ni hili: skrini ilazwe au isimamishwe? Gemu zenyewe hazikubaliani. Pong ya mwaka 1972 ililala, kwa kuwa Al Alcorn wa Atari aliiunda kwa televisheni ya kawaida ya nyumbani. Mwaka 1978 ikaja Space Invaders ya Tomohiro Nishikado. Humo maadui wanashuka kutoka juu na wewe uko chini unawangoja, basi skrini ilisimamishwa, mteremko ukawa mrefu na hofu ikapata nafasi ya kukua. Pac-Man ya mwaka 1980 ilisimama pia, nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu, na mzingile wake mzima umepangwa kwa kipimo hicho. Galaga na Donkey Kong za mwaka 1981 zilisimama. Kisha zikaja gemu za kupigana: Street Fighter II mwaka 1991, Mortal Kombat mwaka 1992, Tekken mwaka 1994. Watu wawili wanaotazamana ili wapigane wanahitaji upana wa kusogeleana na kukimbiana, kwa hiyo skrini ikalazwa. Kila gemu ilichorwa kwa skrini ya upande wake, na ukiicheza kwenye skrini iliyokaa vinginevyo, picha inapungua, inabaki na weusi juu na chini, au kushoto na kulia.

Wajapani waliliona tatizo hili mapema. Kabati la Astro City, lililotolewa na Sega mwaka 1993, lilikuwa na skrini ya inchi 29 inayoweza kugeuzwa, ilale au isimame kulingana na gemu iliyowekwa. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijaanza. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Sitajificha nyuma ya kutojua.

Nilichagua kuisimamisha, na sababu yangu ilitoka mbali. Nilikulia Jericho, katika zile nyumba za kaunsili, wakati ambapo nyumba yenye televisheni ya Great Wall ilikuwa na wageni kila jioni. Jirani yetu alikuwa na mashine ya gemu ya Kichina, ya kaseti za manjano zilizojisifu kuwa na maelfu ya gemu ilhali zilikuwa chache zinazojirudia. Humo ndimo tulimojulia Contra, vifaru vya Battle City na vyombo vya angani vya Galaxian. Tulizipenda kwa moyo wote. Miaka mingi baadaye nikaja kujifunza kwamba zile gemu za angani tulizozipata zilikuwa zimebanwa. Galaxian halisi ilisimama. Galaga ilipohamishiwa mashine za nyumbani, uwanja ulifinywa ili uingie kwenye televisheni iliyolala, na alama zikasukumwa pembeni. Pac-Man alifanyiwa vivyo hivyo. Donkey Kong alinyang'anywa hatua nzima, ile ya kiwanda yenye mikanda inayotembea. Nilipoyajua hayo niliumia kweli. Nikaona kwamba sisi wa Eastlands tulipewa kipande cha kitu na kuambiwa ni kitu kizima.

Basi nilipopata pesa kidogo za kujifurahisha, niliapa kwamba kabati langu litakuwa na skrini iliyosimama, kama Galaga ilivyozaliwa. Bado naamini hasira ile ilikuwa ya haki. Kosa ni kwamba nilimjengea mtoto niliyekuwa zamani, na huyo hayupo tena. Waliokuja kusimama mbele ya kabati walikuwa watoto wengine, na sikuwauliza chochote.

Fundi wangu ana kibanda upande wa Mutindwa. Ni mzee mtulivu, anatengeneza vitanda na makabati ya jikoni, na hakuwa amewahi kuona mashine ya gemu ya mbao. Nilimpelekea mchoro. Skrini niliyokuwa nimenunua inaitwa ya inchi 22 na wauzaji, na sehemu yake inayoonyesha picha ina sentimita 47.6 kwa 26.8. Ukiisimamisha, pamoja na fremu yake, inahitaji kama sentimita 31 za upana. Niliandika upana wa ndani sentimita 40, nikaona nimekuwa mkarimu. Mzee aliichukua skrini, akaigeuza mgongo, akaweka kidole kwenye matundu manne ya skrubu.

"Haya yako sawa pande zote," aliniambia. "Si unaona ni mraba? Sasa siku ukitaka kuilaza utafanyaje?"

"Sitailaza, Mzee."

"Na watoto wakitaka?"

"Watacheza hivyo hivyo."

Alikuwa ameona kwa mara moja jambo ambalo mimi, na kusoma kwangu kote, nililipuuza. Skrini nyingi za kompyuta zina matundu mgongoni yaliyopangwa katika mraba wa milimita 100 kwa 100. Kwa kuwa ni mraba, kipande kimoja cha chuma kinaishika skrini ikiwa imelala au imesimama. Unafungua skrubu nne, unageuza, unafunga. Kinachotakiwa ni kabati liwe na nafasi ya kuipokea ikilala, yaani sentimita 52 za ndani kwa skrini ile. Mzee alipendekeza aniongezee upana huo kwa bei ile ile, kwani bodi zilikuwa zinabaki vipande. Nilikataa. Nilitaka kabati jembamba. Nilitaka mtu akiingia sebuleni alitambue kwa umbo kuwa ni la zamani zile. Sentimita 12 ndizo nilizogombana nazo, na mzee akakata kama nilivyosema.

Siku za kwanza zilinipa furaha ambayo siwezi kuikana. Usiku, majirani wakiwa wamelala na ploti imetulia, nilikuwa nacheza Galaga peke yangu. Vyombo vya maadui vilishuka kutoka juu kabisa kwa mizunguko mirefu ambayo sikuwahi kuiona kwenye Great Wall ya jirani. Picha ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 36. Niliona kwamba nimeshinda.

Kisha ikaja Jumamosi, wakaja watoto.

Watoto wa mitaa hii hawajakulia gemu za angani. Wamekulia vibanda vya PlayStation, vile vyumba vidogo vya mabati au vya chini ya ghorofa ambamo unalipa kwa mechi, unaketi kwenye benchi na mwenzako, na anayeshindwa anampisha mwingine. Wanajua FIFA na wanajua Tekken. Wengine wanamjua Sylvia Gathoni, yule Mkenya anayeitwa Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya Kimarekani ya XiT Woundz mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken, na wanamtaja kama wanavyowataja wachezaji wa mpira. Kwao gemu ni watu wawili wanaoshindana huku wengine wakitazama na kupiga kelele. Waliliangalia kabati langu kwa adabu, wakacheza Pac-Man kidogo, halafu mkubwa wao akauliza, "Anko, Tekken iko?"

Ilikuwepo. Nikaiweka. Na hapo ndipo hesabu niliyoikataa kwa fundi ilipoanza kudai haki yake. Tekken ya zamani ina picha yenye umbo la nne kwa tatu, imelala. Kwenye skrini yangu iliyosimama, picha hiyo ilipata upana wa sentimita 26.8 tu, na kimo cha sentimita 20. Ingelazwa, ingepata upana wa karibu 36 na kimo cha 26.8. Nilikuwa nimewapa picha yenye zaidi kidogo ya nusu ya eneo waliloweza kupata. FIFA, ambayo ni pana zaidi, ilibaki na kimo cha sentimita 15. Juu na chini kulikuwa na giza tupu la skrini isiyotumika. Watoto waliinamia ubao wa vitufe ili wasogee karibu. Na kwa kuwa kabati lilikuwa jembamba na ubao wa vitufe ulitokeza pande zote mbili, kila mchezaji alisimama nje ya mstari wa skrini, mmoja kushoto kabisa, mwingine kulia kabisa.

Ningeliishia kwenye udogo wa picha, ningelikuwa nimefanya kosa la ubahili wa mbao tu. Lililofuata ni baya zaidi.

Mwana wa dada yangu alikuwa Gredi ya 4 wakati huo. Wanaishi Kariobangi South, ng'ambo ya barabara ya Outering, na alikuwa akija kwangu karibu kila wikendi. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Watoto walikuwa wameweka sheria yao, bila kunishirikisha: mshindi anabaki kulia. Walisema upande wa kulia una bahati. Niliwasikia mara nyingi wakigombania kulia, nikadhani ni imani za kitoto, na sikujiuliza kwa nini bahati ichague upande. Mdogo wao alianzia kushoto, akapigwa, akarudi nyuma kungoja zamu, akaja tena kushoto, akapigwa. Hakuwahi kushinda hata mara moja ya kumtoa pale.

Alinijia jikoni nikikaanga mayai. Alisema, "Anko, huku kwangu hakuonekani. Mtu anakuwa mweusi."

Nilimwambia ajifunze kushindwa kama mwanaume.

Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia. Nayaandika kama yalivyotoka kwa sababu yamenikaa kifuani tangu nijue ukweli. Alirudi sebuleni. Alisema tena siku nyingine, na mara hiyo nilikwenda kuangalia. Nilisimama nyuma yao, katikati, umbali wa hatua mbili, mikono nimeikunja, nikaitazama skrini. Picha ilikuwa safi. Nikasema mbele ya wote, "Mbona mimi naona vizuri? Acha kutafuta sababu." Wenzake walicheka. Wakampa jina la utani ambalo sitalirudia hapa. Baadaye akawa anakuja lakini hachezi, anaketi kochini na simu ya mama yake. Halafu hakuja tena. Dada yangu alinipigia kuuliza kama tumekosana na mtoto, nikamjibu kwamba ni utoto tu, atapoa.

Ukweli niliupata kwa bahati mbaya. Kitufe kimoja cha upande wa kushoto kilikuwa kinanata. Nilivuta stuli, nikaketi pale pale anaposimama mchezaji wa kushoto, nikaanza kukifungua na bisibisi huku kijana wa jirani akiendelea kujifanyia mazoezi upande wa kulia. Nikainua macho kuangalia skrini.

Sikuwatambua wapiganaji. Nyuso zilikuwa nyeusi, na nywele nyeusi zilikuwa zimepauka. Sakafu na ukuta wa nyuma vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja cha kijivu, na mguu ukirushwa huuoni mpaka umefika. Ilikuwa kama kutazama negativu ya picha iliyopigwa kwa filamu. Nilisogeza kichwa kulia kidogo, rangi zikarudi. Nikakirudisha kushoto, zikageuka tena. Nilifanya hivyo mara kadhaa, na yule kijana akaniuliza kama naumwa shingo. Nikamuuliza yeye anaona nini. "Huku ni poa," alisema. "Huko ndiko kubaya. Kwani hukujua?"

Watoto wote walijua. Ndiyo maana ya ile bahati ya kulia.

Maelezo yake si marefu. Skrini nyingi za ofisi za bei nafuu zina paneli ya aina ya TN. Paneli hiyo huonyesha vizuri ukiitazama moja kwa moja, na huvumilia kiasi ukiitazama kutoka kushoto au kulia, kwa sababu mezani ndivyo watu wanavyokaa, mwenzako anachungulia kutoka ubavuni. Udhaifu wake uko juu na chini, hasa chini: ukiitazama kutoka chini picha inaingia giza, kisha rangi zinageuka, peupe panakuwa peusi. Ofisini hakuna anayeitazama skrini kutoka chini, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Lakini ukiisimamisha, udhaifu unahama nayo. Mimi niliigeuza kwa kufuata mkono wa saa, na ubavu uliokuwa chini ukawa kushoto. Mchezaji wa kushoto akawa mtu anayeitazama skrini kutoka chini, kila siku, kwa mechi nzima. Wa kulia picha ilimpaukia kidogo tu. Na anayesimama katikati, nyuma, akiwa amekunja mikono, huyo haoni kasoro yoyote.

Unaposimama peke yako kucheza Galaga, uko katikati. Ndiyo maana usiku ule wote sikuona kitu. Nililipima kabati kwa macho ya mtu mmoja.

Nilivuka Outering jioni ile ile kwa daraja la wapita njia. Dada yangu alishangaa kuniona nimekuja bila kupiga simu. Mtoto alikuwa mezani na vitabu vya shule. Katika malezi yetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Anamnunulia soda, au anamtania kidogo, na jambo linahesabiwa limekwisha. Sikutaka liishe hivyo. Niliketi mbele yake, nikamwambia kwamba nimeketi upande wake wa skrini, nimeona alichokuwa akikiona, na kwamba alikuwa amesema kweli kila mara aliyosema. Nikamwambia nilimwaibisha mbele ya wenzake kwa jambo lililokuwa kosa langu, na kwamba nitawaambia wao pia.

Alinitazama kwa muda. "Nilikuambia, Anko," alisema, akarudi kwenye hesabu zake.

Sikuwa na la kuongeza. Jumamosi iliyofuata niliwaketisha watoto mmoja mmoja kwenye ile stuli upande wa kushoto, nikawaambia waziwazi kwamba mwenzao hakuwa akitafuta sababu. Lile jina la utani nililipiga marufuku nyumbani kwangu. Kwao nje siwezi kulifuta, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu jina la utani Eastlands huweza kumfuata mtu mpaka akiwa na watoto wake.

Nilirudi kwa Mzee wa Mutindwa. Hakunikumbusha alichosema. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akapima, akanieleza kwamba mbao za pembeni zinaweza kubaki ila kila ubao wa katikati, wa juu, wa chini, wa mbele na rafu, lazima ukatwe upya. Nililipa zaidi ya nilivyolipa mara ya kwanza, kwani sasa vilihitajika vipande virefu na yale mabaki aliyotaka kunipa bure yalikuwa yameshatumika kwa kabati la mtu mwingine. Upana wa ndani sasa ni sentimita 54.

Skrini nayo niliibadilisha, na hapa kuna jambo nililojifunza ambalo lingeniokoa tangu mwanzo. Kuilaza tu ile ya TN kusingetosha, maana mtoto mfupi anayeinua macho kuitazama angekuwa tena anaitazama kutoka chini. Nilihitaji paneli isiyogeuka rangi, kama zile za IPS. Pia nilikuja kugundua kwamba kwa gemu za zamani skrini pana si bora. Zile skrini za inchi 19 zenye umbo la karibu mraba, za tano kwa nne, ambazo maofisi yamezitupa na wauzaji wanaziona hazina soko, zina upana wa sentimita 37.6 na kimo cha 30. Ikilazwa, Tekken inapata upana wote wa 37.6 na kimo cha 28, kubwa kuliko ambayo ile ya inchi 22 ingeipa ikilazwa. Na Pac-Man anapata kimo cha sentimita 30 bila kugeuza chochote, ilhali ile pana ikilala ingempa 26.8 tu. Kwa nyumba yenye mtu anayependa Galaga na watoto wanaopenda kupigana, mraba unawapunja wote kidogo na haumfukuzi yeyote. FIFA tumeirudishia televisheni, ndiko kwake.

Nimepoteza sentimita kama tano na nusu za urefu wa Galaga. Naziona kila ninapocheza. Sijutii kuzitoa.

Ninajutia miezi ile. Naweza kumlipa fundi mara mbili. Zile Jumamosi ambazo mtoto wa miaka tisa alisimama mbele ya picha iliyogeuka, akiambiwa na mtu anayemwamini kwamba kile anachokiona hakipo, sina namna ya kuzilipa. Amerudi kuja, ingawa si kila wikendi. Anacheza vizuri, pengine vizuri kuliko wale waliokuwa wakimpiga, kwa kuwa alizoea kukisia mapigo asiyoyaona. Bado huchagua upande wa kulia akipewa nafasi ya kuchagua, na sijawahi kumuuliza kwa nini.

Kwa wewe unayepanga kujenga: ukienda kununua skrini, mwombe muuzaji aiwashe na aweke picha yenye nyuso za watu. Chuchumaa uitazame kutoka chini. Nyuso zikigeuka nyeusi, hiyo usiisimamishe kwa kabati la watu wawili, na usiilaze juu ya macho ya mtoto. Muuzaji akikuambia hairuhusiwi kuchuchumaa dukani, nenda duka la pili. Pima upana wa skrini ikilala, fremu na yote, na huo ndio uwe upana wa ndani wa kabati lako hata kama umeapa kwamba utaisimamisha milele. Kabla fundi hajakata, isimamishe skrini juu ya meza kwa kimo itakachokaa, uwaite watakaocheza, waweke wawili wawili, kushoto na kulia, na waulize wanaona nini. Kama kabati umeshalijenga jembamba na skrini ni ile ile ya TN, usingoje pesa za kulivunja: usiruhusu mechi za watu wawili humo, na waambie watoto kwa nini. Kama ndani lina sentimita 52 au zaidi kwa skrini kama ile yangu, na skrini haikai juu ya macho ya mtoto, unahitaji bisibisi tu. Ni skrubu nne, na inaweza kufanyika leo jioni.